Mistari ya Ubongo na Kalenda ya Merti

Mtoto wa dada yangu alikuwa na miaka 9 tulipompeleka Nairobi kupimwa umeme wa ubongo. Daktari alikuwa ametuandikia masharti mawili kwenye kipande cha karatasi: nywele zioshwe kwa sabuni na zisipakwe mafuta, na mtoto asilale usiku wa kuamkia kipimo. Sharti la kwanza lilimkera nyanya yake, kwani kwake yeye mtoto hafungi safari ndefu bila kupakwa mafuta kichwani. La pili lilitimizwa na barabara yenyewe. Tulitoka kwetu Merti, kaunti ya Isiolo, alfajiri juu ya lori la mbuzi, tukaingia mjini Isiolo jioni tukiwa vumbi tupu, tukapanda basi la saa nne usiku. Tangu hapo kazi yetu ikawa moja, kumzuia asisinzie. Nanyuki tukamnunulia chai. Karatina tukamwimbia. Tulipofika Sagana alikuwa analia kwa usingizi, na mama mmoja aliyekaa nyuma yetu akatuuliza kwa ukali tunamtesea nini mtoto wa watu. Tukamweleza. Akanyamaza kidogo, kisha akatoa biskuti kwenye kikapu chake, akamkabidhi mtoto, akaanza kumpigia hadithi za sungura na fisi mpaka Thika.

Safari hiyo ndiyo iliyonifanya nitafute asili ya kipimo chenyewe. Nilitaka kujua ni nani wa kwanza aliyefikiri kwamba kichwa cha mtu kina umeme unaoweza kuandikwa, na ilikuwaje maarifa hayo yakachukua miaka mingi hivyo kufika kwa mtoto wa Merti.

Umeme upo kweli, ila ni haba mno. Seli za ubongo huzungumza kwa chaji ndogo zinazoingia na kutoka. Seli maelfu kwa maelfu zinapofanya hivyo kwa pamoja, mwangwi wake hupenya fuvu na kufika kwenye ngozi ya kichwa. Kinachofika hapo ni kama mikrovolti 50 hivi. Betri moja ya tochi ina volti 1.5, yaani mara 30,000 ya hicho. Ndiyo maana nywele zenye mafuta huharibu kazi, na ndiyo maana mtoto akitafuna au akikunja uso mistari huvurugika yote, kwa sababu umeme wa misuli ya taya una nguvu kuliko wa fikra zake.

Wa kwanza kuuona alikuwa Richard Caton, daktari wa Liverpool, Uingereza. Mwaka 1875 alitangaza kwamba ameona mkondo wa umeme kwenye bongo zilizofunuliwa za sungura na nyani. Habari hiyo ilichapishwa na kusahaulika kwa miaka mingi.

Aliyefikia binadamu ni Hans Berger, daktari wa maradhi ya akili wa mji wa Jena, Ujerumani. Kisa chake kilianzia kwenye farasi. Mwanzoni mwa miaka ya 1890, akiwa kijana katika mafunzo ya jeshi, alianguka kutoka mgongoni mwa farasi wake na nusura akanyagwe na gurudumu la mzinga. Jioni ileile ikaja simu ya maandishi kutoka kwa baba yake: dada yake alikuwa amepatwa na hofu ya ghafla kwamba ndugu yake yumo hatarini. Berger aliamini kwamba woga wake ulikuwa umesafiri hadi kwa dada yake, akatumia umri wake wote kutafuta nguvu ya mwilini inayobeba fikra. Wazee wa Waso, kwetu kando ya mto Ewaso Nyiro, wangemwelewa mara moja. Kwao si ajabu mama aliye fora, kwenye kambi ya mifugo inayohama, kuhisi kifuani kwamba mwanawe aliye kisimani ameumia.

Nguvu ya kusafirisha fikra hakuipata. Tarehe 6 Julai 1924 alimpima kijana wa miaka 17 aliyepasuliwa fuvu, na galvanometa yake, chombo cha kupimia umeme, ikaonyesha mtikisiko. Hakumwambia mtu. Kwa miaka 5 alirudia na kurudia, akimpima hata mwanawe Klaus, akihofia kwamba anachokiona ni mapigo ya mishipa ya damu au mtetemo wa mkono. Alichapisha mwaka 1929. Alieleza kwamba mtu akifumba macho na kutulia, kisogoni mwake hutokea mawimbi kama 10 kwa sekunde, akayaita alfa, na kwamba akifumbua macho mawimbi hayo hufifia. Wenzake hawakumwamini. Ilibidi Edgar Adrian, aliyekuwa ameshapata Tuzo ya Nobel, na mwenzake Matthews, warudie jaribio hilo kule Cambridge mwaka 1934 ndipo dunia ikakubali. Mwaka uliofuata, Frederic Gibbs, Hallowell Davis na William Lennox wa Boston, Marekani, walionyesha kwamba watoto wanaokatika fahamu kwa sekunde chache wakikodoa macho, huku walimu wakiwadhania wazembe, wana mchoro wa pekee: mwiba na wimbi, mwiba na wimbi, mara 3 kila sekunde. Kwa mara ya kwanza kifafa kilionekana kikiandika jina lake chenyewe.

Hapo ndipo ningependa kumsifu Berger bila kikomo, lakini maisha yake yana upande mwingine, na unatuhusu. Mwaka 1933 serikali ya Hitler ilitunga sheria ya kuwahasi watu wenye maradhi yaliyodhaniwa kuwa ya kurithi, na kifafa kilikuwamo kwenye orodha. Mahakama maalumu ziliundwa kuamua nani akatwe kizazi. Berger aliketi katika mahakama ya rufani ya namna hiyo huko Jena. Mtu aliyeipa dunia chombo cha kukitambua kifafa alishiriki kuwahukumu wenye kifafa. Alistaafu mwaka 1938, akajiua mwaka 1941.

Nasema unatuhusu kwa sababu chombo hicho kilipoingia Afrika, swali la kwanza liliulizwa kwa sauti ileile ya hakimu. Mwaka 1949 watafiti wa Kifaransa walichapisha vipimo vya wanaume kutoka Guinea. Mwaka 1953 Mundy-Castle na wenzake, huko kusini mwa Afrika, walilinganisha mawimbi ya Waafrika na ya Wazungu. Mgonjwa hakuwa ndiye lengo la kazi hizo. Lililotafutwa ni kama ubongo wa Mwafrika ni ubongo wa namna nyingine. Hapa Kenya aliyelishika swali hilo alikuwa J. C. Carothers, aliyesimamia Hospitali ya Mathari, Nairobi, kuanzia 1938 hadi 1950. Mwaka 1951 aliandika kwamba Mwafrika wa kawaida anafanana na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Miaka miwili baadaye Shirika la Afya Duniani lilimchapishia kitabu kizima kuhusu akili ya Mwafrika, na humo vipimo vya umeme vilikuwa miongoni mwa ushahidi alioukusanya. Mwaka 1954 serikali ya kikoloni ikampa kazi ya kueleza saikolojia ya Mau Mau. Watu walikuwa wanadai ardhi yao, naye akaandika juu ya kasoro za akili zao.

Badiliko la kweli nalisoma katika taarifa fupi iliyotoka Kampala mwaka 1959, ya G. K. Nelson na R. F. A. Dean. Wao walipima mawimbi ya ubongo ya watoto wa Uganda wenye utapiamlo wa kwashakoo. Ni kurasa chache tu, lakini swali limegeuka. Hawaulizi mtoto huyu ni mtu wa aina gani. Wanauliza njaa imemfanyia nini kichwani.

Wakati hayo yakiendelea Kampala na Nairobi, Isiolo ilikuwa nyuma ya geti. Serikali ya kikoloni iliifunga Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini mwaka 1926, na sheria ya 1934 ikakaza zaidi. Mtu hakuingia wala kutoka bila kibali, na Isiolo palikuwa ndipo mlangoni. Mji wenyewe ulikuwa umeanza kujengwa na askari wa Kisomali waliopewa makao hapo baada ya Vita Kuu ya Kwanza, wakaungana na Waborana, Wasamburu, Waturkana na Wameru kuufanya mji wa lugha tano sokoni. Uhuru ulipokuja Desemba 1963 geti halikufunguka. Ilikuja vita ya Shifta, kati ya serikali na waliotaka kaskazini ijiunge na Somalia. Waborana wa Waso wanauita wakati huo Gaafa Dhaabaa, wakati wa kusimamishwa. Watu walikusanywa Garba Tulla, Merti na Modogashe, wakazungushiwa ua, na wanyama wao wakapigwa risasi au wakafa kwa kukosa malisho. Vita ilikwisha mwaka 1967, lakini sheria za hali ya hatari zilibaki hadi 1991. Mpaka leo utamsikia mzee kituo cha basi Isiolo akisema anakwenda Kenya, na maana yake anakwenda Nairobi.

Sehemu iliyofungwa hivyo hukosa zaidi ya barabara. Mama anayejifungua kwa shida bila kufikiwa kwa wakati, mtoto aliyeanguka kutoka juu ya ngamia, homa kali ya malaria au ya uti wa mgongo iliyokaa siku tatu bila dawa, yote hayo huweza kuacha kovu kwenye ubongo, na kovu hilo ndilo linaloweza kuwa kifafa miaka kadhaa baadaye. Watu hawakukaa kimya wakingoja mashine. Walikuwa na majina na matibabu yao. Kwa Waswahili wa madukani mtoto anayetetemeka ana degedege, ndege mbaya aliyempitia usiku. Sheikh huandika aya kwenye sahani, akaiosha kwa maji ya kunywa, ndiyo kombe. Miongoni mwa Waborana kuna ayana, pepo wanaompanda mtu, na Gudrun Dahl, mwanaanthropolojia wa Uswidi aliyeishi na watu wa Waso miaka ya 1970, aliandika mwaka 1989 jinsi anayetambuliwa kuwa na ayana anavyopokelewa na kundi na kutibiwa humo. Sikubaliani na wanaoyacheka mambo haya. Ayana humpa mgonjwa watu wa kukaa naye usiku. Kinachonisikitisha ni mtoto wa kifafa ambaye, pamoja na watu hao, alihitaji kidonge kimoja cha fenobabito kila jioni, dawa iliyojulikana tangu 1912, na hakuna aliyemletea.

Kazi kubwa ya umeme wa ubongo katika Kenya ilifanyika mbali na sisi, pwani. Kilifi, ambako Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, KEMRI, ina kituo tangu 1989, madaktari walikuwa wanawaona watoto wa malaria ya ubongo wakilala bila fahamu, wametulia tuli, na kuwaza kwamba mitetemo imekoma. Jane Crawley na wenzake waliwaunganisha watoto 65 na mashine, wakachapisha matokeo mwaka 1996. Asilimia 62 walipatwa na mishtuko ya kifafa baada ya kulazwa. Wengine hawakutikisa kiungo. Jicho lilikuwa linavutwa upande mmoja, au pembe ya mdomo inacheza kidogo, au pumzi inabadilika tu, lakini kwenye mchoro dhoruba ilikuwa inaendelea. Nimekaa muda mrefu nikiwafikiria mama waliokuwa kando ya vitanda hivyo, wakimshukuru Mungu kwamba mtoto sasa amepumzika.

Baadaye Charles Newton, Symon Kariuki na wenzao walitoka hospitalini kwenda vijijini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulihesabu watu 586,607 katika sehemu tano za Afrika: Kilifi, Iganga na Mayuge kule Uganda, Ifakara Tanzania, Kintampo Ghana na Agincourt Afrika Kusini. Kilifi walikadiria karibu watu 8 kwa kila 1,000 wenye kifafa cha mitetemo kisichotulia, Ifakara karibu 15. Kisha watu 1,426 kati ya wagonjwa wa sehemu hizo wakapimwa umeme wa ubongo, na taarifa ya 2016 ikasema asilimia 53 walikuwa na mchoro usio wa kawaida. Isomwe vizuri hesabu hiyo. Hawa wote walikuwa na kifafa, na karibu nusu yao mashine haikuona kitu.

Sehemu hizo tano zote ni za watu wenye nyumba zinazoweza kupewa namba. Isiolo haimo. Kaunti yetu ina zaidi ya kilomita za mraba 25,000, na sensa ya 2019 ilihesabu watu 268,002, wengi wao wakiwa na fora inayohama kufuata mvua. Kumhesabu mgonjwa ambaye mwezi ujao atakuwa Sericho au ng'ambo ya Ewaso Nyiro ni kazi ya aina nyingine, na sijui kwa nini isifanywe na watu wenyewe wanaojua visima.

Kaskazini mwa Uganda kipimo hiki kilijibu swali lililowatesa wazazi. Watoto wa Kitgum na vijiji jirani walianza kutikisa kichwa mbele ya chakula, kama wanaosinzia, kisha wakadhoofika. Daktari Louise Jilek-Aall alikuwa amekwisha kuona watoto wa namna hiyo Mahenge, Tanzania, miaka ya 1960. Watafiti waliofika Uganda tangu 2009 waliwawekea watoto elektrodi huku wakiwarekodi kwa video, na kichwa kilipoinama mchoro ulibadilika wakati uleule. Kutikisa kichwa kwenyewe kulikuwa kifafa. Chanzo cha maradhi kiliendelea kubishaniwa, lakini dawa za kifafa ziliweza kuanza.

Turudi Nairobi. Tulifika hospitalini kabla ya saa mbili asubuhi, mtoto akiwa na macho mekundu. Fundi wa kipimo alikuwa kijana mpole. Alichukua utepe kama wa fundi cherehani, akapima kutoka mzizi wa pua hadi kinundu cha kisogo, kisha kutoka sikio hadi sikio, akatia alama kwa kalamu nyekundu. Nafasi hizo hupigwa kwa asilimia 10 na 20 za urefu wa kichwa, utaratibu ulioandikwa na Herbert Jasper wa Montreal mwaka 1958, ili kichwa kidogo na kikubwa visomwe kwa ramani moja. Akasugua kila alama kwa pamba, akaweka dawa nzito kama uji wa ulezi uliopoa, akabandika elektrodi moja baada ya nyingine, nyuzi za rangi rangi. Mtoto akajitazama kwenye kioo cha dirisha, akacheka, akasema amekuwa kama mti wenye viota vya ndege.

"Baba, fumba macho," fundi akamwambia. Mistari ikatulia, ikaanza kupanda na kushuka sawasawa. "Fumbua." Ikasambaa. Habari za alfa za Berger nilizisoma baadaye tu, lakini siku ile niliona kwa macho yangu jambo lilelile alilolificha miaka mitano. Kisha mtoto akaambiwa apumue kwa nguvu dakika tatu kama anayepuliza moto wa kuni mbichi, taa ikamulikwa usoni kwa vipindi, na hatimaye akaruhusiwa alichokinyimwa usiku kucha. Alilala kabla fundi hajazima taa. Mistari ikawa mirefu na mizito. Tulikaa gizani, mimi na dada yangu, tukitazama usingizi wa mtoto ukipita kwenye skrini.

Majibu yalikuwa ya kawaida. Hakuna mwiba, hakuna dhoruba. Dada yangu aliyapokea kama pigo. Alikuwa ameuza mbuzi wanne, na karatasi ilikuwa inamwambia kwamba hakuna kitu. Wa nyumbani wangesema nini? Kwamba mtoto anajifanya? Kuna mahali ambapo familia hurudishwa kwao na karatasi kama hiyo bila neno zaidi, na najua walioacha dawa kwa sababu hiyo.

Daktari aliyetupokea, mwanamke wa makamo, aliiweka karatasi kando. "Hii inanionyesha nusu saa ya leo asubuhi," alisema. "Niambieni za siku nyingine. Nani humwona akianguka?"

Dada yangu akafungua mfuko wa plastiki, akatoa kalenda. Ilikuwa ya duka la nafaka la Isiolo, yenye picha ya msikiti, imechakaa pembeni kwa moshi. Nyanya hajui kusoma, lakini alikuwa ameitundika karibu na mlango, na kila mtoto alipoanguka alitia alama kwa mkaa. Mstari mmoja maana yake ameanguka usiku. Msalaba maana yake mchana. Doa dogo kando yake, ameuma ulimi. Pale alipokatika fahamu tu bila kuanguka, alichora duara. Tulikuwa tumeibeba kwa sababu alitushikilia tuibebe. Mimi mwenyewe nilikuwa nimesema hospitali kubwa haitakuwa na haja nayo.

Daktari alivuta kiti. Alifuata alama zile kwa ncha ya kalamu, mwezi kwa mwezi, akiuliza kila moja. Alipoanguka mwezi wa Ramadhani, kichwa kiligeukia upande gani kwanza? Mkono upi ulianza? Dada yangu akajibu, mara nyingine akisita, akisema hilo mama ndiye anayelijua. Basi tukapiga simu Merti. Mtandao ulikatika mara mbili. Mara ya tatu sauti ya nyanya ikaja, kwa Kiborana, juu ya kelele za mbuzi, nami nikawa mkalimani: mkono wa kushoto ndio huanza, vidole kwanza, kisha uso, kisha huanguka. Daima hivyo. Daktari akaandika. Akamwomba aeleze tena sehemu ya vidole, taratibu, na nyanya akaanza upya tangu mwanzo.

Dawa iliandikwa saa saba mchana. Daktari akauliza kama anaweza kupiga picha kalenda ile aiweke kwenye faili pamoja na mchoro, kisha akaturudishia. Usiku ule, kwenye basi la kurudi, mtoto alilala kutoka Thika hadi Isiolo, alama nyekundu za kalamu zikiwa bado kichwani, na dada yangu ameikumbatia kalenda isije ikakunjika.